Tela likila matairi, nani alipe?

NILIKUWA nasahihisha madaftari ya darasa la nane simu ilipoita. Alikuwa shemeji yangu, mume wa dada, akipiga kutoka Nyakahura upande wa Tanzania.

"Mwalimu, tairi la pili limepasuka. Na hili nalo halijamaliza mwezi."

Msomaji anayepita njia ile anapajua Nyakahura. Kuna mizani ya magari pale, na mbele yake ni njia panda ya Nyakasanza, ambapo wa Rusumo wanakwenda zao Rwanda na sisi tunakata kushoto kuelekea Ngara, Kabanga na Kobero. Zamani magari yalipita mapori yale kwa kusindikizwa na askari. Siku hizi majambazi si hofu kubwa ya dereva. Hofu yake ni tairi.

Tela lenyewe halikuwa mali ya mtu mmoja. Tulikuwa familia tano, zote warejea wa mwaka 2009, watoto wa wakimbizi wa 1972 tuliozaliwa na kusomea Ulyankulu, mkoani Tabora. Mmoja aliuza ng'ombe, mwingine alikopa, dada yangu alitoa mtaji wake wote wa vitenge. Mwaka 2022 tukanunua Fuso kuukuu pamoja na tela jipya lililoundwa Dar es Salaam, la ekseli mbili zilizokaribiana katikati ya chesisi. Muuzaji alituambia tela lina waranti ya mwaka mmoja. Tulipiga makofi.

Karatasi ya waranti ilikuwa ya Kiingereza, na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, nilipewa niisome. Nakiri hapa mbele ya wasomaji kwamba nilisoma mistari ya juu tu nikatia saini ya ushahidi. Niliisoma yote siku ile tairi la pili lilipopasuka, usiku, kwa mwanga wa simu.

Kumbe waranti haikuwa moja, zilikuwa tatu. Muuzaji alidhamini chesisi na uchomeleaji wake. Ekseli zilikuwa na dhamana ya kiwanda kilichozitengeneza. Matairi yalikuwa ya kampuni ya matairi, na kwa upande wa muuzaji yaliandikwa kundi moja na taa na beringi, yaani vitu vya kuchakaa. Chini kabisa paliandikwa kwamba mteja ataleta tela kwenye karakana kwa gharama zake mwenyewe, na kwamba anayezidisha mzigo hana haki yoyote. Kutoka kwetu hadi karakana hiyo ni zaidi ya kilomita 1,200.

Shemeji alipiga simu kwa muuzaji. Akajibiwa kuwa matairi si kazi yao, amwone wakala wa matairi. Wakala akatazama picha, akasema tairi limelika upande mmoja, hilo ni kosa la ekseli wala si la kiwanda cha tairi. Tukarudi kwa muuzaji. Safari hii akatoa neno lililotuumiza kuliko hasara yenyewe: "Dereva wenu anazidisha mzigo."

Neno hilo lilifika nyumbani kabla ya shemeji. Katika kikao cha familia tano mzee mmoja aliuliza, bila kumtazama mtu, kama kuna magunia yanayopakiwa njiani yasiyoandikwa daftarini. Dada yangu alinyamaza. Shemeji akaweka ufunguo wa Fuso mezani, akatoka. Mimi niliyetia saini karatasi nisiyoisoma nilibaki nimeinamisha kichwa.

Aliyetutoa pale ni fundi mmoja wa Kahama, ambaye hakuwa na mashine yoyote ya kupimia zaidi ya kamba, futi ya chuma na chaki. Alitaka kwanza aone tairi lililopasuka. Lilikuwa karibu kupotea, maana taniboi alikwishaelewana bei na wachonga katambuga. Tulilikomboa kwa shilingi 8,000.

Fundi aliyalaza matairi ya ekseli ya nyuma chini, la kulia na la kushoto, akaniambia nipitishe kiganja. La kulia lilikuwa limelika bega la ndani. La kushoto lilikuwa limelika bega la nje. Ukipapasa upande huu ni laini, ukirudisha mkono inakwaruza kama meno ya msumeno.

"Mwalimu," akasema, "mzigo ukizidi, ekseli inapinda katikati kama upinde. Matairi yote mawili yanalika ndani. Haya moja ndani, jingine nje. Ekseli hii imekaa mshazari."

Akafunga kamba kwenye pete ya kuvutia tela, akapima hadi ncha ya kulia ya ekseli ya mbele, kisha ncha ya kushoto. Sawasawa. Akapima kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kulia na kushoto. Tofauti ilikuwa milimita 15. Kwa tela lililonyooka, tofauti haipaswi hata kufika milimita 3. Tulipofungua yuboliti tukakuta tundu la senta bolti upande wa kushoto limetobolewa pembeni ya mahali pake. Kosa hilo lilitoka karakana, siku tela linaundwa.

Mimi hufundisha hesabu, kwa hiyo sikulala mpaka nimelipigia hesabu jambo hili. Kutoka gurudumu hadi gurudumu ni kama mita 2. Milimita 15 katika mita 2 ni sawa na mita 7 na nusu za kuburuzwa kando katika kila kilomita moja. Ekseli ya mbele imenyooka, ya nyuma inavuta kwake, basi zinagawana adhabu. Hata tukichukua nusu, kwa safari ya kilomita 1,200 tairi linaburuzwa kando zaidi ya kilomita 4 juu ya lami. Tairi gani litastahimili?

Lakini ushahidi wa tairi peke yake haukutosha, kwa sababu muuzaji alikwisha shikilia habari ya mzigo. Hapo ndipo tulipomshukuru taniboi yuleyule wa katambuga. Alikuwa na tabia ya kukusanya karatasi za mizani na kuzichomeka nyuma ya kiti, sijui kwa ajili ya nini. Tulizipata za safari zote, kuanzia Vigwaza. Mzigo wa juu kabisa kwa ekseli zote mbili za tela ulikuwa tani 9.2. Kibati cha kila ekseli, ambacho kilikuwa kimepakwa rangi tukakikwangua kwa kisu, kiliandikwa tani 6. Jumla 12.

Hapa niwatahadharishe wafanyabiashara wenzangu. Wengi hudhani mizani ikikupitisha, basi hujazidisha. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Vikomo hivyo vinalinda barabara. Uwezo wa ekseli yako uko kwenye kibati chake, na uwezo wa tairi umeandikwa ubavuni mwake. Ukiwa na ekseli ya tani 6 ukabeba 9 juu yake, mizani inaweza kukupungia mkono upite, na waranti yako imekufa palepale.

Ubavuni mwa tairi kuna jambo jingine. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2217 ni wiki ya 22 ya mwaka 2017. Ndivyo tulivyosoma kwenye moja ya matairi ya tela letu jipya la mwaka 2022. Lilikuwa limekaa ghalani miaka mitano kabla ya kufungwa, na sisi tulililipia kama jipya.

Tulipeleka kila kitu kwa barua: picha, vipimo vya kamba, nakala za mizani, namba za ekseli. Nilitaja pia sheria ya Tanzania ya mauzo ya bidhaa, inayotaka kitu kifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji na kumtegemea, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Bahati yetu, dada alisisitiza siku ya kununua kwamba ankara iandikwe "kwa safari za Dar na Burundi". Wanaume tulimcheka.

Jibu lilichukua wiki saba. Muuzaji alikubali kosa la tundu, akakubali fundi wa Kahama alirekebishe kwa gharama yao ili tusiburute tela hadi Dar. Kwa matairi manne yaliyoharibika alilipa nusu ya mawili. Siku tulizolala bila kazi, na magunia yaliyonyeshewa pale Nyakahura, hakulipa. Wengine waliniambia niende Tume ya Ushindani nikadai yote. Nilipiga hesabu ya nauli na siku za kuacha darasa, nikaacha. Sijui kama nilifanya vema.

Nina binamu aliyepelekwa Marekani mwaka 2007, kwenye ule mpango wa wakimbizi wa 1972, anayefanya kazi ya kuunganisha nyumba za magurudumu katika jimbo la Indiana. Nilipomsimulia alicheka sana. Kule nako, anasema, anayenunua nyumba ya kuvuta ana karatasi ya aliyeiunda, ya mwenye ekseli na ya mwenye matairi, na tairi likilika upande mmoja kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole. Tofauti ni kwamba wao hawavuki mpaka kuidai.

Anayelazimika kuvusha ekseli au kifaa kurudi kwa muuzaji, akitangaze forodhani kabla hakijatoka, kwa namba yake, kwamba kinakwenda kutengenezwa. Kikirudi bila karatasi hiyo, ofisa wa Kobero hana namna ya kujua kama si kipya, na utatozwa kama umenunua.

Sasa tela lina daftari lake. Lina namba za matairi, tarehe ya kukaza nati baada ya kilomita 100 za mwanzo, na kina cha kashata kwa mabega yote mawili, ndani na nje, kila safari. Shemeji ndiye anayeliandika. Yule mzee aliyeuliza habari za magunia alikwenda kwake jioni moja, peke yake, na ufunguo wa Fuso mfukoni. Waliyozungumza hatukuambiwa. Jumatatu yake gari liliondoka saa kumi na moja alfajiri.