Umebeba mitungi mingapi ya maji mwilini?

Panda mizani usome kilo zako. Kama wewe ni jamaa wa kilo 70, zidisha kwa 0.6. Unapata 42, yaani lita 42 za maji: mitungi miwili ya lita 20, na ziada juu. Dada wa kilo 60 azidishe kwa 0.5. Anapata lita 30, mtungi mmoja na nusu.

Mbona tofauti? Karibu robo tatu ya msuli ni maji, lakini mafuta hubeba maji kidogo sana, na kwa kawaida wanawake wana mafuta zaidi mwilini. Kwa hivyo hesabu hiyo ni makisio tu. Wawili wenye kilo sawa, mmoja wa misuli na mwingine wa kitambi, hawana maji sawa.

Na wanasayansi walijuaje bila kumkamua mtu? Chukua kijiko cha rangi, mimina kwenye ndoo ya maji, koroga. Rangi ikipauka sana, jua maji ni mengi. Mwaka 1934, George de Hevesy na Erich Hofer walitumia ujanja huo, ila badala ya rangi walitumia maji mazito. Unakunywa kidogo, yanasambaa mwilini kwa saa chache, kisha mkojo wako unapimwa.

Ile mizani ya jimu inayokuonyesha asilimia ya maji hupitisha umeme kidogo sana mwilini, kisha inakisia. Usiiapie.

Sasa njoo kwa mfuko wako. Umeona tangazo la chai ya kupunguza kilo mbili kwa siku mbili? Lita moja ya maji ni kilo moja. Chai ya kukuharisha, au kukimbia ukiwa umejifunga plastiki tumboni, inatoa maji tu. Mafuta yako pale pale. Ukinywa maji, kilo zinarudi. Pesa hairudi.

Tumia mizani vizuri basi. Jipime kabla na baada ya mechi. Ukiwa na kilo 70 na umepoteza 1.4, hiyo ni asilimia 2, na hapo nguvu huanza kuisha. Rudisha maji polepole. Kubugia lita nyingi kwa mpigo huzimua chumvi ya damu, na hiyo inaweza kuua.