Kabla hujapanda ndege kwenda kutetea waliohukumiwa kifo

Kama umetazama Just Mercy, ile filamu ya 2019 ambayo Michael B. Jordan anaigiza wakili kijana wa Alabama, basi najua ulichofanya ilipoisha. Uliingia Google ukatafuta jinsi ya kuwa wakili Marekani. Usikatae. Beshte yangu alifanya hivyo hivyo, ila yeye ni wakili kweli.

Tulikaa dawati moja sekondari. Mimi nikaingia chuo nikakiacha mwaka wa pili, karo ilipokataa kuonekana. Yeye akasoma sheria miaka minne, akaongeza mafunzo ya uwakili, akaapishwa. Siku hiyo kwao walichinja mbuzi na mimi nikala kama niliyechangia. Sasa majuzi ananipigia saa nne usiku: amepata nafasi ya kujitolea miezi mitatu katika ofisi moja kusini mwa Marekani, inayotetea watu wanaokabiliwa na hukumu ya kifo. Mshahara ni sufuri. Nauli ni yake. Nyumbani kumewaka, na mamake amemuuliza swali moja tu ambalo hajalijibu mpaka leo: "Tulikusomesha ukatetee wauaji wa wenyewe, tena bure?"

Usicheke. Ni swali la maana. Nimekaa nalo wiki tatu, nikasoma, nikamhoji beshte yangu mpaka akaacha kushika simu zangu.

Kwanza ujue njia hii ina waliotangulia. Clive Stafford Smith ni Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1959. Alienda Marekani kusoma, akamaliza sheria Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Wenzake wakielekea kwenye kampuni za pesa, yeye akashuka kusini hadi Atlanta kutetea watu waliosubiri kuuawa na serikali. Mei 1987 mteja wake, Edward Earl Johnson, aliuawa kwa gesi katika gereza la Parchman, Mississippi. Kamera za BBC zilikuwa humo ndani siku zake 14 za mwisho. Kwenye filamu hiyo kuna kijana wa miaka 27 anayehangaika na simu na makaratasi ya rufaa, halafu anashindwa. Hakuna muziki wa kumfuta machozi.

Hapo wengi wetu tungetafuta tiketi ya kurudi kwa mathe. Yeye alibaki. Mwaka wa 1993 akaanzisha ofisi yake New Orleans, na alirudi kuishi Uingereza mwaka wa 2004. Mmoja wa wateja wake alikuwa Kris Maharaj, mfanyabiashara Mwingereza aliyehukumiwa kifo Florida mwaka wa 1987. Hukumu ya kifo iliondolewa, ikageuzwa kuwa maisha, na Stafford Smith akaendelea kumpigania miaka nenda miaka rudi bila malipo. Maharaj alifia gerezani mwaka wa 2024, bado akisema hakuua mtu. Kama unaenda ng'ambo kutafuta ushindi, hesabu hiyo ifanye mapema.

Siku hizi njia imepangwa kidogo. Kuna shirika la London linaloitwa Amicus, lililoanzishwa mwaka wa 1992 kwa kumbukumbu ya Andrew Lee Jones, aliyeuawa kwenye kiti cha umeme Louisiana mwaka uliotangulia. Mwanzilishi hakuwa wakili. Alikuwa mama Mwingereza aliyekuwa akiandikiana naye barua. Shirika hilo hufunza watu wa kujitolea na kuwatuma katika ofisi za mawakili Marekani.

Sasa tuje kwa makaratasi, maana hapa ndipo ndoto nyingi hulala. Leseni yako ya Nairobi haikuruhusu kusimama kortini Texas. Kila jimbo la Marekani lina masharti yake ya uwakili. New York na California ni miongoni mwa yale yanayowaruhusu mawakili waliosomea nje kufanya mtihani, kwa masharti. Lakini angalia kichekesho: New York haina tena mtu anayesubiri kuuawa, na gavana wa California alisimamisha mauaji hayo mwaka wa 2019. Kazi yenyewe iko Texas, Florida, Alabama, Oklahoma. Kwa hivyo mgeni wa miezi mitatu havai suti akapiga kelele mbele ya jaji. Anasoma mafaili. Anapiga chapa. Anapanda gari na mpelelezi wa ofisi, wanaenda kubisha milango.

Hiyo milango ndiyo imenifanya niandike makala haya.

Mwaka wa 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa sheria zinazosema ukipatikana na kosa fulani basi ni kifo moja kwa moja. Ilisema lazima mtu mwenyewe aangaliwe: ametoka wapi, amepitia nini. Tangu hapo kesi ya kifo huko ina awamu mbili. Kwanza, alifanya au hakufanya? Kisha, kama alifanya, auawe au aishi? Awamu ya pili haishindwi kwa Kiingereza kizuri. Inashindwa kwa kujua maisha ya mteja kuliko anavyoyajua yeye mwenyewe.

Chukua kesi ya Kevin Wiggins wa Maryland. Mawakili wake wa kwanza hawakuchimba, na waamuzi wakamhukumu kifo bila kujua lolote. Baadaye ikajulikana kwamba mamake alikuwa akimwacha na ndugu zake siku kadhaa bila chakula, wakila rangi iliyobambuka ukutani na takataka. Kwamba aliwahi kumchoma mkono kwenye jiko. Alipochukuliwa kulelewa kwingine akadhulumiwa huko pia. Mwaka wa 2003 Mahakama ya Juu ilisema mawakili hao walikosea kutotafuta habari hizo, na hukumu ya kifo ikaondolewa. Mwaka huo huo chama cha mawakili wa Marekani kilitoa mwongozo: kesi ya kifo iwe na mawakili wasiopungua wawili, mpelelezi, na mtu maalum wa kuchunguza historia ya maisha ya mteja.

Huyu wa mwisho si lazima awe wakili. Niliposoma hapo nilikaa wima, nakuambia.

Kazi yake ni nini? Kumtafuta mwalimu wa darasa la tatu. Kumtafuta shangazi aliyegombana na familia. Kuomba faili la hospitali ya mwaka ule mtoto alipoanguka. Kurudi nyuma vizazi vitatu. Mara ya kwanza unafungiwa mlango. Mara ya pili unaambiwa kila kitu kilikuwa sawa nyumbani. Mara ya tano, ukiwa umekaa jikoni unasaidia kumenya viazi, mama anasema jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Huwezi kuuliza hayo mambo kwa simu, na huwezi kuwa na haraka.

Sasa geuka uangalie huku kwetu. Mwaka ule ule wa 1987 ndipo Kenya ilipomnyonga mtu kwa mara ya mwisho, ikiwemo Hezekiah Ochuka wa jaribio la mapinduzi la 1982. Tangu hapo kamba imelala Kamiti, lakini mahakimu na majaji hawakuacha kuhukumu. Mwaka wa 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia zaidi ya watu 4,000 hukumu ya kifo kuwa ya maisha. Mwaka wa 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa watu 2,747. Fikiria, miaka saba tu na foleni ilikuwa imejaa tena!

Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama yetu ya Juu ikasema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo bila kumsikiliza mtu ni kinyume cha Katiba. Marekani 1976, sisi 2017. Watu wakafurika kortini kuomba wahukumiwe upya. Halafu Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua: uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Wizi wa mabavu haumo.

Na wizi wa mabavu, msee, hauhitaji bunduki. Kisheria inatosha kuwa na silaha, au kumjeruhi mtu, au kuwa na mwenzako hata mmoja tu. Wawili, kisu, simu moja. Kijana wa plot ya nyuma yetu aliingia hivyo. Sisemi hakufanya. Alifanya, na aliyeibiwa bado ana kovu mkononi, na huyo pia ni mtoto wa mtu. Hakimu alimuuliza kama ana la kusema kabla ya hukumu. Akasema anaomba msamaha, ana mama. Dakika mbili. Rufaa yake bado iko Mahakama Kuu.

Kwa hivyo mamake beshte yangu ana haki ya kuuliza, lakini mimi nimeanza kulipinga hilo neno "bure". Ujuzi anaoufuata kule umekomaa karibu miaka hamsini. Hapa ndio unaanza, na wakili anayepewa kesi ya mauaji na korti hulipwa pesa ambazo hazitoshi kumpeleka kijijini kwa mteja, sembuse kumkalisha jikoni mara tano. Nikimwambia hivyo naye ananikatiza: "Wewe bana, usinifanye malaika. Naogopa. Nikirudi bila pesa na bila kazi, utanilipia rent?" Sikuwa na jibu, maana nina deni lake la mwaka jana. Amejiwekea mpaka: miezi mitatu, akiba yake mwenyewe, hakuna kuuza shamba, na kuna ofisi moja mjini imekubali kumrudisha Januari. Wewe ukiwa huna mpaka kama huo, ngoja kwanza.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka kwa mama wa yule kijana. Hakubeba faili, alibeba sukari na mkate. Alimweleza ukweli kwanza: "Mama, sitaki kukudanganya. Haya unayoniambia huenda yasibadilishe rufaa. Lakini kuna kamati inayomshauri Rais kuhusu msamaha, na huko wanaweza kutaka kujua mtoto wako ni nani."

Mama akanyamaza. Akasema tangu mtoto ashikwe, polisi walimuuliza alikuwa wapi usiku ule, na wakili walimuuliza kama ana pesa. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari za huyo mtoto.

"Tuanzie wapi?" akauliza.

"Popote, mama."

Akaanzia mwaka ambao mvua ilikatika na wakahamia Nairobi, mtoto akiwa na miaka minne na homa ambayo haikutibiwa. Beshte yangu hakuandika kitu saa nzima ya kwanza. Tulipotoka ilikuwa giza, na mama alikuwa amefika darasa la pili tu. Wameelewana arudi Jumanne.