Mbinu za kuchaji gari la umeme wakati wa baridi kali

MADEREVA wa magari ya umeme jijini Chicago, Marekani, walipata funzo chungu mnamo Januari 2024. Kiwango cha joto kiliposhuka kupita nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sufuri, foleni ndefu zilishuhudiwa katika vituo vya kuchajia, na baadhi ya magari yakaishiwa na nguvu kabisa hata ikabidi yavutwe.

Hata hivyo, nchini Norway, ambako theluji ni jambo la kila mwaka, karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa 2024 yalikuwa ya umeme pekee. Je, madereva wa huko hufanyaje?

Kiini cha tatizo ni betri yenyewe. Ndani yake, chembechembe za lithiamu husafiri katika umajimaji kutoka upande mmoja hadi mwingine. Baridi inapozidi, mwendo huo huwa wa kujikokota. Betri ikilazimishwa kupokea umeme mwingi ikiwa katika hali hiyo, lithiamu huganda juu ya ncha hasi badala ya kupenya ndani, na betri huharibika. Ndiyo sababu kompyuta ya gari hupunguza kasi ya kuchaji hadi betri ipate joto.

Kwa hivyo, siri ya kwanza ni kuipasha betri joto kabla ya kufika kituoni. Magari mengi ya kisasa hufanya hivyo yenyewe iwapo dereva atakiweka kituo hicho kwenye ramani ya gari kama mwisho wa safari. Asipofanya hivyo, huenda akakaa kituoni muda mrefu zaidi huku wenzake wakimsubiri.

Pili, ni heri kuchaji mara tu baada ya safari, betri ingali na joto, kuliko kungoja asubuhi baada ya gari kulala kwenye baridi. Wanaochajia nyumbani, kama wafanyavyo wengi nchini Norway, wanaweza kupanga saa ili kazi hiyo ikamilike muda mfupi kabla ya kuondoka.

Tatu, gari lipashwe joto likiwa bado limeunganishwa na umeme. Injini ya petroli hutoa joto la bure, lakini gari la umeme hulipia joto hilo kutoka kwenye betri. Safarini, kupasha viti na usukani hutumia umeme kidogo kuliko kupasha hewa yote ndani ya gari.

Mwisho, dereva asingoje betri ikaribie kuisha ndipo atafute kituo, kwani kuipasha joto pia kunahitaji umeme. Vilevile, katika vituo vya kasi, ni busara kuondoka betri inapofika asilimia 80. Kutoka hapo kasi hupungua sana, ilhali mwingine anangoja nje kwenye theluji.