Fahamu: Bendi isiyo na lebo inasikikaje Eastleigh?

Waayaha Cusub, kundi la rap la vijana wa Kisomali, lilizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 2004. Halikungoja redio. Liliimba kwa Kisomali kuhusu ukimbizi na vita, mambo ambayo jirani zao waliyajua kwa uchungu, na mwaka 2013 likapanda jukwaani Mogadishu. Walijua wanamwimbia nani. Naona hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Kwa hiyo kabla ya kulipia matangazo mtandaoni, wapelekee makanga wa matatu za Eastleigh, namba 6 na 9, wimbo wako kwenye flashi. Abiria wa kwenda mjini watausikia. Lakini uusajili kwanza kwa Bodi ya Hakimiliki, kisha uuweke Skiza, huduma ya milio ya simu ya Safaricom, simu ikuimbie.