Sindano za muda mrefu za skizofrenia

Sindano za muda mrefu za skizofrenia ni dawa zinazochomwa kwenye msuli ili zitoke humo kidogo kidogo na kufanya kazi mwilini kwa wiki kadhaa. Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, aamini mambo yasiyo ya kweli au ajitenge na watu. Dawa hizi haziuponyi, bali hutuliza dalili zake.

Asili

Klorpromazini, dawa ya kwanza ya aina hii, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris, Ufaransa, mwaka 1952. Wengi waliopata nafuu waliacha vidonge, na dalili zikarudi. Kuacha huko si ukaidi: mara nyingi ugonjwa wenyewe humzuia mtu kutambua kwamba anaumwa. Ndiyo sababu sindano za muda mrefu zilitengenezwa katika miaka ya 1960.

Utendaji

Flufenazini dekanoeti ni flufenazini iliyounganishwa na asidi ya mafuta yenye atomi 10 za kaboni. Huyeyushwa katika mafuta ya ufuta (yaleyale ya jikoni, ila yamesafishwa). Muuguzi huichoma ndani kabisa ya msuli, kwa kawaida wa tako, akitumia bomba na sindano visivyo na maji. Mafuta hubaki humo kama akiba. Dawa inapotoka na kuingia kwenye damu, vimeng'enya huiondoa ile asidi, na flufenazini hufika kwenye ubongo na kuzuia kazi ya dopamini. Sindano hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 5.

Karatu na Ngorongoro

Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, Mirembe, iko Dodoma, mbali na wilaya hizi mbili za Mkoa wa Arusha. Karatu wengi ni wakulima na mji uko kando ya barabara kuu. Ngorongoro, wafugaji huhama na mifugo wakati wa kiangazi, na vidonge vya kila siku husahaulika njiani. Sindano hubadilisha jambo hilo kuwa safari moja kwa mwezi hivi. Tena, asiyemeza vidonge hajulikani, lakini asiyefika kliniki huonekana siku ileile, na kwa kuwa akiba haiishi mara moja, upo muda wa kumtafuta. Flufenazini dekanoeti imo katika orodha ya taifa ya dawa muhimu. Hata hivyo, mgonjwa aliyetembea kutwa akakuta dawa imekwisha amepoteza zaidi ya nauli.

Maudhi na ridhaa

Dawa inaweza kuleta ugumu wa misuli, kutetemeka na kushindwa kutulia. Kwa baadhi, baada ya miaka, midomo na ulimi huchezacheza bila hiari. Baadhi ya maudhi hupunguzwa kwa benzeksoli au kwa kushusha dozi. Kwa vile dawa ikishachomwa haiwezi kutolewa, huanzwa kwa kiasi kidogo cha majaribio. Mgonjwa anastahili kuelezwa haya kabla ya kukubali. Sindano si adhabu kwa aliyeonekana mkorofi nyumbani. Anayetaka kuacha hushauriwa kusema kliniki mapema, maana dalili zinaweza kurudi miezi kadhaa baada ya sindano ya mwisho, wakati watu wa nyumbani wamekwisha kusahau.