Siliaki katika nchi ya bugali na sombe

Vyakula vingi vinavyopangwa katika soko la Mudaka, kwenye barabara itokayo Bukavu kuelekea Kavumu, ndivyo ambavyo daktari humshauri mgonjwa wa siliaki avitegemee maisha yake yote: unga wa muhogo, mahindi, mtama, maharagwe, ndizi, viazi vitamu, lengalenga na sambaza wa Ziwa Kivu. Siliaki ni ugonjwa wa utumbo mwembamba unaochochewa na gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ambayo Wafaransa huiita seigle. Kwa mtu aliyerithi maumbile yanayouwezesha ugonjwa huu, gluteni huufanya mfumo wa kinga, ambao kazi yake ni kupambana na vijidudu, uushambulie ukuta wa utumbo wenyewe, na vijinyweleo vinavyofyonza chakula hulala na kupotea, hata mlaji akawa na njaa ndani ya shibe. Hauambukizi, na hakuna dawa inayouponya. Tiba yake ni kuiacha gluteni kabisa. Duniani kote hukadiriwa kuwa takriban mtu 1 katika kila 100 anao, na wengi wao hawajui.

Kwa kuwa ugonjwa huhitaji mambo mawili kukutana, urithi na nafaka yenyewe, mwenye urithi huo anayekula bugali na sombe tangu utotoni anaweza kuzeeka bila dalili yoyote. Mambo hubadilika pale chai ya asubuhi inapoandamana na mkate na mandazi, kama ilivyo sasa kwa familia nyingi za Bukavu, au pale mtu anapohamia Bruxelles na kuukuta mkate katika kila mlo.

Ndizi ina historia yake katika jambo hili, na wenye migomba ya Kabare wana haki ya kuifahamu. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alitangaza kwamba watoto wa siliaki, ambao wakati huo walikufa kwa wingi, walipata nafuu kwa kulishwa ndizi, na kwa miaka mingi tunda hilo likaaminika kuwa dawa. Kumbe ndizi haikuwa na nguvu ya pekee. Watoto walipona kwa sababu lishe ile iliwaondolea mkate. Ukweli huo ulithibitishwa na Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, ambaye alianza kuishuku ngano kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, akaona katika njaa kali ya mwaka 1944 na 1945, mkate ulipokuwa adimu, kwamba wagonjwa wake hawakuzidiwa, na mwaka 1950 akaitetea hoja yake katika tasnifu ya udaktari huko Utrecht.

Ugumu mkubwa wa Kivu ni kwamba siliaki ya mtoto hufanana mno na maradhi yaliyozoeleka. Tumbo lililojaa, kuhara kusikokoma, mikono na mapaja yaliyokonda, kinyongo na kudumaa ni dalili ambazo mama yeyote wa Mudaka huzitaja kwa jina la bwaki, yaani kwashakoo, utapiamlo ambao umechunguzwa kwa miongo mingi huko Lwiro, kaskazini mwa Mudaka, penye kituo cha utafiti kilichoanzishwa enzi za Wabelgiji. Kudhani hivyo si kosa, kwa sababu bwaki na minyoo ni maradhi ya kawaida zaidi na ndiyo yanayopaswa kutafutwa kwanza. Mashaka yaanze pale ambapo mtoto ametibiwa minyoo, amelishwa vizuri, amepata nafuu, kisha huanguka tena kila anaporudia mandazi na mkate. Kwa mtu mzima dalili zaweza kujificha zaidi: upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma, mifupa dhaifu, mimba zinazotoka, au vipele vyenye mwasho mkali kwenye viwiko na magoti.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinachotafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza dhidi ya tishu zake. Kwa kawaida hufuatwa na biopsi, ambapo mrija wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo na vipande vidogo vya nyama yake huchukuliwa ili vitazamwe kwa hadubini. Vipimo hivi ni vya hospitali kubwa na vina gharama, ndiyo maana inafaa kusisitiza jambo ambalo wengi hulikosea: mgonjwa asiache ngano kabla ya kupimwa, kwani utumbo ukianza kupona kipimo chaweza kuonyesha kwamba hana ugonjwa. Ndugu wa tumbo moja, wazazi na watoto wa mgonjwa nao wanastahili kupimwa hata kama hawaumwi.

Aliyethibitishwa hana haja ya vyakula ghali vya makopo. Uji wa masoso, uliopewa jina kutokana na mahindi, mtama na soya kwa Kifaransa, unamfaa, mradi muuzaji hakuongeza ngano na mashine ya kusagia haikutoka kusaga ngano muda huohuo. Kasiksi ya ndizi na mtama haina gluteni, ilhali bia za kiwandani kwa kawaida hutengenezwa kwa kimea cha shayiri. Kwenye pakiti na makopo yatafutwe maneno blé (ngano), orge (shayiri) na seigle. Mandazi ya muhogo yakikaangwa katika mafuta yaliyokwisha kukaanga yale ya ngano hayafai tena. Muhogo nao una masharti yake: ule mchungu usiolowekwa vya kutosha huacha sumu inayoweza kuleta konzo, kupooza kwa miguu kulikoelezwa na daktari Trolli huko Kwango mwaka 1938.

Lipo na suala la kanisani, zito katika nchi yenye Wakatoliki wengi kama Kivu. Hostia hutengenezwa kwa ngano, na Roma, kwa barua za mwaka 2003 na 2017, imeshikilia kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Ekaristi, ingawa yenye gluteni kidogo sana inakubalika, na asiyeweza hata hiyo anaweza kukomunika kwa divai peke yake. Paroko akiarifiwa mapema huandaa kikombe cha pembeni, kwa kuwa katika kile cha altareni padri hutumbukiza kipande cha hostia kabla ya komunyo.