Dhoruba ikibadili bandari, msafiri afanye nini?

KAKAMEGA

MJI wa Kakamega hauna bandari wala ufuo. Umejengwa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji makubwa yaliyo karibu nao ni ya Ziwa Victoria, mwendo wa kilomita 50 hivi hadi Kisumu. Hata hivyo, kila likizo za Aprili, Agosti na Desemba zinapowadia, familia, kwaya, wanafunzi na vyama vya akina mama hufunga safari kutoka mji huu kwenda Mombasa, Zanzibar au visiwa vya ziwani kama vile Mfangano. Wengi wao hulipa mapema, kidogo kidogo, kutokana na pesa zilizochangwa mwaka mzima.

Ndiposa habari kwamba bandari fulani imefungwa, au kwamba chombo kitatia nanga mahali pengine, huwachoma wasafiri wa aina hii kuliko mtalii mwenye mali. Je, pesa zitarudi? Ni nani mwenye kauli ya mwisho? Na je, ni busara kulazimisha safari?

Mfano unaotajwa sana ulimwenguni ni wa visiwa vya Karibi mwaka wa 2017. Mnamo Septemba mwaka huo, vimbunga viwili vikali, Irma na Maria, vilifuatana katika muda wa majuma mawili. Irma kilivunjavunja kisiwa cha St. Martin na visiwa vya Virgin, na Maria kikaiangamiza Dominica kabla ya kutua Puerto Rico Septemba 20. Bandari za Philipsburg, Charlotte Amalie, Roseau na San Juan, ambazo meli za kitalii huzitegemea kama vile matatu zinavyotegemea steji, zikawa hazipokei watalii. Kampuni za meli ziligeuza njia na kuwapeleka abiria upande wa magharibi, hasa Cozumel nchini Mexico. Meli moja kubwa, Adventure of the Seas, ilifutiwa safari ya starehe ikatumiwa kuwahamisha watu zaidi ya 3,000 kutoka visiwani hadi Florida.

Abiria wengi walinung'unika. Walikuwa wamelipia kisiwa hiki, wakapelekwa kile. Walipofungua mikataba yao waligundua jambo ambalo laiti wangalilisoma mapema: takribani kila mkataba wa meli za aina hiyo humpa nahodha mamlaka ya kuruka bandari au kuibadilisha kwa sababu ya usalama, bila kampuni kudaiwa fidia. Kinachorudishwa kwa kawaida ni ada za bandari ambayo meli haikufika, pamoja na malipo ya matembezi yaliyonunuliwa kwa kampuni yenyewe. Aliyejinunulia matembezi kwa mtu wa pembeni alibaki akibishana naye.

Sheria hiyo yaweza kuonekana kuwa ya kumkandamiza abiria, lakini ina mantiki. Nahodha anayehofia kudaiwa fidia kila anapoepuka dhoruba atashawishika kuingia dhoruba.

Mwambao wa Afrika Mashariki huambiwa mara nyingi kwamba hauna vimbunga. Kauli hiyo ni kweli kwa sehemu kubwa. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto la takribani nyuzi 26.5 au zaidi, na pia msukumo utokanao na mzunguko wa dunia ili upepo uanze kujizungusha. Karibu na ikweta msukumo huo ni hafifu mno, na Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo vimbunga vya Bahari Hindi huelekea zaidi Madagaska, Msumbiji na visiwa vya jirani.

Lakini "mara chache" si sawa na "kamwe". Mnamo Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha meli za Sultan Barghash bandarini. Pemba iliponea, na tangu hapo ikaipiku Unguja kwa karafuu. Naam, dhoruba ya siku moja ilihamisha biashara ya kisiwa kizima.

Miaka 152 baadaye, mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilikaribia pwani ya Tanzania, wakati ambapo msimu wa vimbunga huhesabiwa kuwa umekwisha. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa, na kilipofika karibu na kisiwa cha Mafia Mei 4 kikapungua nguvu. Nchini Kenya, serikali ilipiga marufuku kuogelea na kuvua samaki katika fuo za Pwani kwa siku hizo, huku ufunguzi wa shule ukiwa umeahirishwa kwa ajili ya mafuriko yaliyokuwa yameikumba nchi tangu Machi. Aliyekuwa Dar es Salaam na tiketi ya boti mkononi hakuwa na la kufanya ila kungoja.

Wala si upepo peke yake unaobadili bandari. Novemba 5, 2005, meli ya kitalii Seabourn Spirit iliyokuwa ikielekea Mombasa ilishambuliwa na maharamia katika maji ya Somalia. Iliwaponyoka, lakini badala ya Mombasa ikaenda kutia nanga Ushelisheli. Madereva wa teksi na wauza vinyago waliokuwa wakiisubiri Mombasa hawakuwa na mkataba wowote wa kufungua.

Kwa mwenyeji wa Kakamega, hata hivyo, bandari zinazomhusu zaidi si za bahari bali za ziwa. Huko ndiko mabadiliko makubwa yalikotokea, tena bila kimbunga.

Kuanzia Oktoba 2019, maji ya upande wa magharibi wa Bahari Hindi yalikuwa na joto kuliko ya upande wa mashariki kwa kiasi kisicho cha kawaida. Hali hiyo huleta mvua nyingi Afrika Mashariki, na ndivyo ilivyokuwa. Mvua za vuli zilipita kiasi, ardhi haikupata kukauka, na za masika mwaka wa 2020 zikaanguka juu ya udongo uliokwisha shiba. Kufikia Mei 2020 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita moja, likafikia kimo kilichoonekana mara ya mwisho mwaka wa 1964, baada ya mvua kubwa za miaka ya uhuru.

Mita moja husikika kuwa ndogo. Katika ufuo ulio tambarare, lakini, mita moja ya kimo yaweza kuwa mamia ya mita za nchi kavu. Magati yalizama. Vibanda vya samaki, vyoo vya umma na njia za kufikia maji vilimezwa katika fuo nyingi za kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia na Migori. Mahali palipokuwa pa kuegesha gari pakawa pa kuegesha mashua. Upande wa Uganda, kisiwa cha mimea kielezacho kilisukumwa na maji hadi kwenye mitambo ya umeme ya Jinja mnamo Aprili 2020, na nchi nzima ikaingia gizani.

Kwa nini maji hayo hayakuondoka haraka? Ziwa Victoria lina ukubwa wa takribani kilomita mraba 68,000, na takribani asilimia 80 ya maji yake hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, nao ni Mto Nile pale Jinja. Mengine sharti yangoje jua liyapeperushe. Kwa hivyo mafuriko ya mto hupita kwa siku au majuma, lakini mafuriko ya ziwa hukaa miaka. Anayepanga safari kwa kudhani kwamba gati lililozama Mei litakuwa limeibuka Agosti anajidanganya.

Kakamega yenyewe imo katika hesabu hii. Mto Isiukhu, unaopitia msituni na kando ya mji, humwaga maji yake katika Mto Nzoia. Nzoia hupita Mumias na kuteremka hadi Budalang'i kabla ya kuingia ziwani. Mto Yala nao hukusanya maji ya kusini mwa msitu. Sehemu hizi hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mwanzoni mwa Mei 2020 Nzoia ulivunja kingo zake Budalang'i na maelfu ya watu wakahama makwao, na barabara ya kwenda Port Victoria, ambako ndiko hupatikana vyombo vya visiwani, ikawa haipitiki sehemu kadhaa. Mkazi wa Mumias aonaye Nzoia umejaa hadi pomoni na kubadilika rangi anaweza kukisia hali ya Budalang'i hata kabla ya kuwasha redio.

Bandari inapobadilika ziwani, hakuna nahodha wa kutangaza kwa kipaza sauti wala kitabu cha mkataba. Chombo huhamia tu ufuo wa pili, na abiria huambiwa na bodaboda. Hapa ndipo ubabaishaji hupata mwanya. Kituo kipya huwa hakina gati, abiria hubebwa mgongoni kwa malipo, na mashua ndogo hujazwa kupita kiasi kwa kisingizio kwamba "hakuna nyingine". Chini ya maji huwa mna visiki na nguzo za majengo yaliyozama, ambazo nahodha mgeni hazijui. Gugumaji nalo, ambalo limelisumbua ghuba la Winam tangu miaka ya tisini, husukumwa na upepo na laweza kuziba njia iliyokuwa wazi jana yake.

Ajali kubwa zaidi ya miaka ya karibuni katika ziwa hili haikusababishwa na dhoruba. MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018 ikikaribia kisiwa cha Ukara nchini Tanzania, ikiwa imejaza kupita uwezo wake, na watu 228 wakafa maji. Anayeuliza kama ni busara kulazimisha safari aanzie hapo.

Kuhusu pesa, hatua ya kwanza huchukuliwa kabla ya kulipa. Msafiri amwulize wakala, kwa maandishi, nini kitatokea bandari ikifungwa: je, ni kurudishiwa fedha, kupewa tarehe nyingine, au kupelekwa kwingine? Ujumbe wa simu unatosha, mradi uhifadhiwe. Malipo yafanywe kwa nambari ya biashara yenye jina la kampuni, si kwa nambari ya mtu binafsi. Kampuni za utalii nchini Kenya zinapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii (TRA), na si kosa la adabu kumwomba wakala aionyeshe. Wapo mawakala wa mfukoni ambao ofisi yao ni simu, nao hutoweka kwa kasi kuliko dhoruba yenyewe.

Bima ya safari husaidia, lakini ina sharti moja ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Ni lazima inunuliwe kabla ya janga kujulikana. Kimbunga kikishapewa jina na kutangazwa, bima itakayonunuliwa baada ya hapo kwa kawaida haitalipia hasara yake.

Ikiwa wakala amekataa kurudisha pesa za huduma ambayo hakuitoa, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 46 inampa mteja haki ya kupewa maelezo yanayohitajika, na iko pia Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012. Mahakama za madai madogo husikiliza kesi za hadi Sh1 milioni, na mtu anaweza kujiwakilisha bila wakili. Lakini huduma iliyozuiwa na amri ya serikali au na mafuriko si sawa na utapeli. Katika hali hiyo kukubali tarehe nyingine mara nyingi humwacha msafiri na kitu, ilhali ugomvi humwacha na risiti.

Kuna kosa jingine la kuchekesha lakini lenye gharama. Mtu wa Kakamega akiambiwa feri ya kwenda Mbita huondokea "Luanda", hufikiria Luanda ya Vihiga, ambako hakuna tone la ziwa. Inayokusudiwa ni Luanda K'Otieno, huko Siaya, ng'ambo ya Bondo. Njia zinapobadilishwa kwa haraka, majina kama haya yaulizwe mara mbili. Anayeona safari ya maji haina hakika anaweza kuzunguka kwa barabara kupitia Kisumu na Homa Bay hadi Mbita. Ni mbali, lakini daraja la kuingia Rusinga huvukwa kwa gari.

Na kikundi kilichokwisha kukusanyika, watoto wakiwa wamevaa, chakula kikiwa kimepikwa? Msitu wa Kakamega uko karibu, na ni masalio ya msitu wa mvua wa aina iliyoenea hadi Kongo, wenye zaidi ya aina 300 za ndege. Lango la Buyangu liko kaskazini na la Isecheno kusini. Jiwe linalolia la Ilesi liko kando ya barabara ya Kisumu. Wenyeji wengi wamelipita maisha yao yote wakiwa ndani ya matatu bila kushuka hata mara moja.

Kwa wale ambao lazima wavuke ziwa, wavuvi wa upande wa Kenya hupendelea asubuhi. Ngurumo na mvua za upande huu huja zaidi alasiri na jioni, baada ya jua kuipasha joto nchi kavu. Atokaye Kakamega ili kupata chombo cha asubuhi Luanda K'Otieno huenda akalazimika kulala Bondo au Kisumu usiku uliotangulia, na gharama hiyo ya malazi yafaa iingizwe katika mchango tangu mwanzo.